Mzigo Usiosogea

Fizikia ina ufafanuzi wa kazi ambao mwanafunzi akishaukariri haumtoki tena: kazi ni kani ikizidishwa kwa umbali ambao kitu kimesogea kufuata kani hiyo. Ukisukuma gari likaenda, umefanya kazi. Ukilisukuma mpaka jasho likakutoka na mishipa ya shingo ikakusimama, nalo likabaki pale pale, hukulifanyia gari kazi yoyote. Mwalimu akifika hapo darasa hucheka, naye hucheka nalo, kisha huendelea na mfano mwingine. Mimi naomba tubaki kwenye kicheko hicho. Ndani yake mna swali ambalo misuli yetu inalijua kuliko madaftari yetu.

Nenda Kariakoo, Dar es Salaam, saa tano asubuhi, kwenye mitaa ya maduka ya jumla. Utamwona mchukuzi anaingia na gunia la mchele begani, kilo 50, shingo imelazwa upande mmoja, mkono umeinuliwa kulishika pembe. Amefika. Safari kutoka kwenye lori imekwisha. Lakini mwenye duka yuko kwenye simu, na pale pa kuweka mzigo pana maji. "Subiri kwanza mdogo wangu, usiweke hapo." Kijana anasimama. Dakika ya kwanza haonyeshi kitu. Ya pili, utaona nyama ya paja, juu kidogo ya goti, inaanza kucheza yenyewe. Anahamishia uzito mguu wa kushoto. Jasho linakusanyika kidevuni, linadondoka, linakusanyika tena. Gunia halijapanda wala kushuka hata sentimita moja. Kwa ule ufafanuzi wetu, tangu aliposimama hajalifanyia gunia lolote. Na ukimuuliza pagumu palikuwa wapi, njiani au hapa mlangoni, sidhani kama atakutajia njiani.

Je, tuseme ufafanuzi umekosea? Tusikimbilie huko. Una historia yake, na historia hiyo inaeleza ulitengenezwa kwa ajili ya nani. Mwaka 1829 mhandisi Mfaransa, Gaspard-Gustave de Coriolis, alichapisha kitabu kuhusu kukokotoa matokeo ya mashine, na humo ndimo alimoipa kazi maana hii ya kani na umbali. Zilikuwa zama za mvuke. Mwenye mgodi alitaka kujua pampu hii itamtolea maji kiasi gani, kutoka kina gani, na hakuwa na sababu ya kuuliza pampu inajisikiaje. Kabla ya hapo Mfaransa mwingine, Coulomb, yule yule wa sheria ya umeme, alikuwa amewachunguza watu wenyewe, wanaopanda ngazi na wanaobeba mizigo, akitafuta mwili unaweza kutoa kiasi gani kwa siku moja. Kwake uchovu ulikuwa sehemu ya hesabu. Katika kani na umbali uchovu haumo. Kwa swali la pampu, ufafanuzi huo unajibu barabara. Shida huanza tunapochukua kipimo cha pampu na kumpimia mtu, tena bila kujua kwamba tumekichukua.

Basi ndani ya paja lile linalocheza kunatendeka nini? Ufundi wake ni mrefu na sitauingia wote. Nahitaji jambo moja tu. Mwaka 1954 makundi mawili ya watafiti, moja la Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, jingine la Hugh Huxley na Jean Hanson (hao kina Huxley wala hawakuwa ndugu), yalichapisha katika toleo moja la jarida la Nature wazo linalofanana: msuli unapokaza, nyuzi zake hazijikunji. Zinapishana, nyembamba zikiteleza kuingia kati ya nene. Baadaye ikafahamika kwamba nyuzi nene zina vichwa vidogo sana vinavyoushika uzi mwembamba, vinauvuta, vinauachia, vinaushika tena, na kila mzunguko hulipiwa nishati. Kijana anaposimama na gunia, vichwa hivyo havisimami naye. Vinashika na kuachia bila kukoma, baadhi vikiachia vingine vikiwa vimeshika, idadi isiyohesabika, na yote hiyo inaishia kwenye joto. Jasho la kidevuni ndiyo risiti yake. Utulivu tunaouona kwa nje umetengenezwa kwa harakati tupu, na harakati hiyo haina pa kuonekana kwa sababu matokeo yake ni kwamba hakuna kilichobadilika.

Hapo pana neno la kulitazama kwa makini: uthabiti. Kwa uthabiti nina maana ya kitu kubaki kilivyo mbele ya kani inayotaka kukibadilisha. Jiwe lina uthabiti. Chaza anao pia, na wa kwake unastaajabisha. Msuli anaofungia magamba yake una sehemu ambayo ikishakaza inaweza kubaki imekaza kwa saa nyingi kwa gharama ndogo mno ya nishati, kama mlango uliotiwa komeo. Atakayetaka kumfungua kwa vidole atajuta, achukue kisu. Misuli ya mikono na miguu yetu haikupewa komeo. Mwanadamu akitaka kubaki alivyo, lazima afanye hivyo upya kila nukta, na kila nukta ana bili yake.

Kuna aina mbili za uthabiti, basi: ule unaofanywa mara moja ukaisha, na ule unaofanywa tena na tena bila kuisha. Ipi bora? Mhandisi atachagua ya chaza bila kusita, na kwa hesabu ya nishati ana haki. Lakini chaza aliyejifunga ana jambo moja tu la kufanya. Kijana aliyesimama mlangoni anaweza kujigeuza mtoto akipita chini ya kwapa lake. Anaweza kuhama mguu, kuinama kidogo, kulitua gunia polepole lisipasuke. Msuli usiojifunga unalipia uwezekano wa kubadili mawazo. Gharama ya kusimama na mzigo bila kufungwa nao ni gharama ya kubaki na hiari ya kuutua. Naona fikra hii ina ukweli, ingawa nisingependa kumsomea kijana mwenyewe wakati gunia liko begani. Hiari yake pale dukani ina mipaka mingine ambayo fiziolojia haiijui.

Twende mlimani, huko swali linakuwa kali zaidi. Kilimanjaro ina mita 5,895, na wageni wanaoipanda hufika zaidi kwa misuli ya watu wengine kuliko kwa misuli yao. Wapagazi wa mlima huitwa wagumu. Mzigo hupimwa kwa mzani langoni, na kiwango kinachoruhusiwa ni kilo 20 za vitu vya msafara: mahema, mitungi ya gesi, viti, unga, hata choo cha kubebeka. Chukua njia ya Marangu, ambako msafara hupandia na kushukia lango lile lile, uketi na kalamu ya mwanafizikia. Mzigo umepandishwa hadi kambi ya mwisho, zaidi ya mita 2,500 juu ya lango. Andika kazi hiyo. Kisha mzigo umeshushwa. Safari hii kalamu inaweka alama ya kutoa, kwa sababu uzito wa mzigo ndio uliokuwa ukimvuta mgumu kwenda chini, yeye akiuzuia tu. Wenyewe wanaiita kazi hasi. Mzigo ukirudi langoni na kuwekwa kwenye mzani ule ule, jumla ya kazi dhidi ya mvutano wa dunia ni sifuri. Siku nzima za kupanda na kushuka, baridi, mvua, magoti, na mwisho wa hesabu ni sifuri.

Lakini muulize mtu yeyote aliyeteremka mlima ni lini miguu ilimkataa. Kupanda kunakata pumzi. Kushuka kunavunja mapaja. Unaposhuka, msuli unakaza huku unarefushwa kwa nguvu, unavutwa huku unakataa. Oksijeni inayotumika ni ndogo kuliko ya kupanda, ila maumivu ya kesho na keshokutwa ni makubwa. Ni kazi ya namna ya pekee: kazi ya kukataa kitu kisiporomoke. Nayo haiko mlimani tu. Mtu akiketi kitini taratibu, anaifanya. Ukitaka kuona inavyopotea, watazame baadhi ya wazee wakiwa wanakaa. Wanasogea kinyumenyume mpaka kiti kiguse miguu, kisha wanajiachia wote kwa mara moja. Bado wana nguvu ya kuinua kikombe na kufungua mlango. Kilichowatoka ni uwezo wa kushuka kwa kipimo, na hakuna aliyewahi kuwasifia kwa uwezo huo walipokuwa nao.

Mtu atasema: sawa, umbali hautoshi. Tuache kupima kilichosogea, tupime juhudi yenyewe. Juhudi, kwa maana ninayoitumia hapa, ni kile ambacho mtu anatoa, kiwe kimezaa matokeo au hakikuzaa. Na mwili hutumia oksijeni unapotoa, kwa hiyo tupime oksijeni. Ni hoja nzuri, na imeshajaribiwa jirani kabisa. Mwaka 1986 kundi la watafiti, akiwemo mwanafiziolojia Mkenya G. M. O. Maloiy, lilichapisha katika Nature matokeo ya vipimo vya wanawake wa Kijaluo waliobeba mizigo kichwani na wa Kikikuyu waliobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Walitembea huku hewa wanayotumia ikipimwa. Mpaka mzigo ulipofika asilimia 20 ya uzito wa mwili wao, matumizi ya oksijeni hayakuongezeka hata kidogo. Kwa mtu asiyezoea, anayebebeshwa begi mgongoni, matumizi hupanda kadiri mzigo unavyopanda. Mwaka 1995 yakaja maelezo kwamba wanawake hao, wakiwa na mzigo, hutembea kwa mwendo unaopoteza nishati kidogo zaidi katika kila hatua.

Matokeo hayo yalisambaa duniani yakiwa na neno moja juu yake: bure. Wanawake wa Afrika wanabeba bure. Mimi neno hilo linanikera, na si kwa sababu vipimo vilikuwa vibaya. Ni kweli kwamba utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2010 haukuupata unafuu huo kwa wanawake wa huko, na wengi walilalamikia shingo. Hilo waachiwe wataalamu wabishane. Kinachonikera ni kwamba hata kama kila namba ya mwaka 1986 ni sahihi, haituruhusu kusema bure.

Mtazame mwanamke anayetoka kisimani. Ameipanga ngata utosini, ndoo imekaa juu yake, na juu ya maji ameelesha jani bichi yasimwagike. Mikono yake iko huru, pengine mmoja umemshika mtoto. Anazungumza na mwenzake bila kugeuza kichwa. Mapafu yake yanaweza kusema kwamba hakuna jipya. Lakini mapafu hayana habari za shingo. Hayana habari za macho yanayoisoma njia hatua tatu mbele kwa kuwa mguu hauruhusiwi kukosea. Hayajui kwamba kwa saa nzima hakuna kingine anachoweza kufanya. Na zaidi ya yote hayajui miaka ile alipokuwa msichana wa miaka saba mwenye kidumu kidogo, maji yakimmwagikia mgongoni kila siku mpaka mwili ukajua. Huo tunaouita ustadi ni juhudi iliyokwisha kutolewa zamani. Ndiyo maana haionekani kwenye kipimo cha leo. Na hapa pana dhuluma ya ajabu: kadiri mtu anavyokuwa stadi, ndivyo juhudi yake inavyojificha, na ndivyo anayemtazama anavyoshawishika kuamini kwamba hakuna juhudi.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba gharama yote iko kwenye kushika. Wanaohudumia maiti wanajua upande wa pili. Mtu akikata roho, walio karibu humfumba macho, humfunga taya kwa kitambaa, humlegeza viungo na kumnyoosha mapema. Hawangoji. Wanajua kwamba saa chache zikipita mwili utakakamaa, mkono uliokunjika utabaki umekunjika, na kuukunjua itabidi kutumia nguvu. Sababu yake iko kwenye vile vichwa vidogo. Nishati ndiyo inayoviwezesha kuachia. Ikiisha, vinang'ang'ania pale vilipo, mpaka baada ya siku moja au mbili uharibifu wa mwili wenyewe uvivunje. Kulegea, ambako sisi hukuona kuwa hali ya mtu asiyefanya kitu, kunalipiwa kama kukaza. Maiti hukaza kuliko mtu yeyote aliye hai, na hakuna aliyewahi kumwita mwenye nguvu.

Kama ni hivyo, nguvu ni nini? Katika mazungumzo ya kila siku tunaipima kwa kifua kilichotuna na ngumi iliyofumbwa, yaani kwa kukaza. Maiti ametuondolea jibu hilo. Tukisema nguvu ni kusogeza vitu, yule mgumu wa Marangu ametuondolea na hilo. Nadhani kilichobaki ni hiki: nguvu ni kuwa na njia zote mbili wazi, ya kushika na ya kuachia, na kuweza kutoka moja kwenda nyingine kwa wakati unaofaa. Kwa ufafanuzi huo, msuli wenye nguvu kuliko yote mwilini huenda ni ule ambao tunausifu kwa sababu isiyo yake. Tunasema moyo haupumziki. Hupiga takriban mara laki moja kwa siku, tangu wiki za mwanzo tumboni mwa mama hadi siku ya mwisho. Ila utazame mpigo mmoja wa mtu aliyetulia: ni kama sehemu 8 za kumi za sekunde, na kati ya hizo moyo unakaza kwa takriban 3 na kulegea kwa 5. Umepumzika zaidi ya ulivyofanya kazi, na umefanya hivyo maisha yako yote. Kuna zaidi. Damu inayoulisha upande wake wa kushoto, ulio mnene, hupita kwa wingi wakati umelegea, kwa sababu ukikaza unaibana mishipa yake mwenyewe. Na ukikimbia, mapigo yakaongezeka, kinachofupishwa sana ni mapumziko.

Charles Sherrington, Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 kwa uchunguzi wake wa neva, alionyesha jambo la jirani na hili. Unapokunja kiwiko, amri inayofika kwenye msuli wa mbele huandamana na nyingine inayouzuia ule wa nyuma ili ulegee. Tena msuli hujua kuvuta tu. Haujui kusukuma, wala haujui kujirefusha. Ukishafupika, unahitaji uzito au mpinzani wake aurudishe ulikotoka, la sivyo hauna la kufanya tena. Hapa naona kishawishi kikubwa cha kugeuka mshauri wa ndoa au wa vyama vya siasa. Nakipita.

Kuna swali ambalo nimelikwepa tangu mwanzo: nani anayeshikilia? Mwaka 1791, huko Bologna, Luigi Galvani alichapisha habari za miguu ya vyura waliokufa ambayo iliruka ikiguswa na metali au kupitishiwa umeme. Msuli ulikuwa mzima, mwendo ulikuwepo, mwenye mguu hakuwepo. Tangu hapo hatuwezi kusema kila mwendo wa mwili ni wa mtu. Itabidi tutenganishe mwendo na kitendo. Mwendo ni mwili kubadilika mahali au umbo. Kitendo ni mwendo, au kutokwenda, ambako mtu anaweza kuulizwa kwa nini na swali likawa na maana. Paja la mchukuzi linapocheza, huwezi kumuuliza kwa nini unalichezesha. Unaweza kumuuliza kwa nini hujatua. Ajabu ni hii, kwamba katika tukio lote lile, kinachosogea si cha kwake, na kisichosogea ndicho cha kwake.

Mpaka kati ya viwili hivyo hauko imara. Shika pumzi yako sasa. Kiwambo kilichotenga kifua na tumbo kinakutii. Unaweza kusema ni wewe uliyekizuia. Subiri kidogo. Kifua kinaanza kudai, tumbo linashtuka, kisha unavuta hewa, na hutaweza kusema kwa uhakika kama uliamua kuvuta au uliacha kuamua. Msuli ule ule, ndani ya dakika moja, umetoka mikononi mwako ukarudi kwa mwenyewe. Sijui mahali pengine ambapo mtu anaweza kuuona ukingo wa hiari yake karibu hivyo, bila gharama, akiwa amekaa.

Na kuna waliobakiwa na ukingo peke yake. Desemba 1995 Jean-Dominique Bauby, mhariri mkuu wa jarida la Elle huko Ufaransa, alipata kiharusi kilichomwacha na akili timamu ndani ya mwili usiomtii. Kilichomtii ni kope la jicho la kushoto. Akasomewa alfabeti, ikifika herufi anayoitaka anapepesa, inaandikwa, inaanza upya. Kwa njia hiyo akatunga kitabu kizima, kikatoka mwaka 1997, naye akafariki siku chache baadaye. Kope halina uzito wa kuzungumzia, na linasafiri milimita chache. Kani mara umbali: karibu na sifuri tena. Ila humo ndimo mlimopita mtu mzima. Kila kitu ambacho akili hufikisha nje, neno, saini, tabasamu, hata jicho la kukataa, hupita kwenye msuli fulani. Haina mlango mwingine. Anapotajwa Bauby huwa namfikiria pia aliyekaa mbele ya kitanda, kalamu mkononi, akitamka herufi na kungoja. Yeye alikuwa na misuli yote. Alichofanya nayo kwa saa nyingi ni kuizuia isiharakishe.

Sasa tunaweza kuuliza kuhusu thamani, ambalo ndilo swali lililokuwa likinisukuma. Thamani ya jambo naiita kile ambacho tungepoteza kama lisingekuwepo. Kwa mambo yanayosogea hatuna shida. Tunajua Eliud Kipchoge alikimbia kilomita za marathoni mjini Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, na hakuna anayebisha kwamba kitu kimefanyika. Kwa kushikilia, tunachopoteza hakionekani mpaka kishikizo kitoke. Hata malipo yamefuata kinachosogea. Katika karne ya 19 Wanyamwezi waliobeba pembe na nguo kati ya Tabora na pwani, mizigo ya kilo 30 hivi, mara nyingi waliahidiwa ujira kwa safari: mzigo huu, hadi mahali fulani. Ni kani na umbali, kabla hata kitabu cha Coriolis hakijafika huku. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Waingereza liliwakusanya wapagazi kwa maelfu mengi, na Kariakoo imebaki na jina la kikosi chao. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na idadi yao kamili haikuandikwa. Masanduku yaliandikwa.

Leo hesabu ile ile inafanyika kwa adabu zaidi. Mwajiri anafika asubuhi, anamkuta mlinzi getini, anauliza: kuna lolote? Mlinzi anajibu: hakuna, bosi. Na "hakuna" hiyo ndiyo bidhaa aliyoajiriwa kuitengeneza, akiwa wima usiku kucha, kope zikimwelemea. Binti anayemwogesha mama mkwe aliyepooza upande mmoja anakaza mgongo, mikono na mapaja kwa robo saa kila siku ili mtu asianguke. Mtu haanguki. Ukimuuliza alichofanya leo nyumbani, huenda naye akasema hakufanya kitu, maana naye amesoma shule zile zile.

Tukitaka kulipa, tulipe kwa kipimo gani? Kwa mzigo, tumeshaona. Kwa oksijeni, stadi atapunjwa kwa sababu ya ustadi wake. Kwa uchovu anaotuambia, atakayejua kulalamika ndiye atakayelipwa. Inabaki saa. Saa nayo haijui kama aliyesimama alikuwa na kilo 50 begani au mikono mfukoni, na haioni tofauti ya mlinzi aliyekesha na aliyelala. Lakini walau inaanza kuhesabu mtu anaposimama mlangoni na inaendelea mpaka aambiwe atue, na mwenye duka anayejua kwamba saa inakwenda huenda akakata simu mapema.